Neno Lisilomo Kwenye Kamusi ya Bibi

Jumapili, 8 Juni

Mwalimu wa Kiswahili ametuagiza tuandike shajara likizo nzima. Sentensi fupi. Ukweli mtupu. Matusi hapana. Amesema hatazisoma, atahesabu kurasa tu. Nitajitahidi basi kwa yale mawili ya kwanza.

Habari ya nyumba: Dada amepata kazi. Atakuwa muuguzi kwenye hospitali ya mbali na anaondoka Jumapili ijayo asubuhi. Mama amelia kwa furaha, akalia kwa huzuni, kisha akaendelea kulia kwa kuwa alikuwa ameshaanza. Mimi nilimkumbatia Dada nikamwambia nyumba itapwaya bila yeye. Ni kweli. Lakini nikiwa nimemkumbatia nilikuwa naona, juu ya bega lake, mlango wa chumba chake ukiwa wazi.

Chumba kina kitanda, dirisha na meza. Meza yenye droo inayofungwa kwa ufunguo. Nyumba nzima ina meza nyingine moja tu, na hiyo imekaliwa na cherehani ya Mama tangu sijazaliwa. Mama ni mshonaji. Cherehani haina likizo. Mimi hufanyia kazi zangu za shule kwenye ubao wa kupigia pasi. Ubao unaishia kwa wembamba, kwa hiyo insha zangu huanza kwa raha na kumalizika kwa kubanana. Mwalimu aliwahi kuniandikia kwa wino mwekundu: "Je, uliandika haya ukiwa unashuka ngazi?" Mwakani nina mtihani wa taifa. Siwezi kuukabili mtihani wa taifa na mwandiko wa ngazi.

Tena nalala kitanda kimoja na Bibi. Nampenda Bibi. Anakoroma kama mashine ya kusaga nafaka iliyokosa mafuta.

Mwingine mwenye macho kwenye chumba hichohicho ni binamu yangu, mtoto wa mama mkubwa, anayekaa kwetu kwa ajili ya shule na kulala kwenye kochi la sebuleni. Tunamwita Profesa tangu siku alipomsimamisha msoma mita mlangoni akamweleza asili ya neno "mita". Dakika ishirini. Sisi tunakaa ghorofa ya tatu. Yule bwana siku hizi hapandi, anaandika makisio.

Profesa ameshatangaza kwamba chumba ni haki yake kwa sababu miguu yake inaning'inia nje ya kochi. Miguu yake sikuiumba mimi.

Familia nyingine zingeitisha kikao. Sisi tutacheza Punda.

Jumatatu, 9 Juni

Nieleze Punda, ili siku nitakapokuwa mtu mashuhuri wasomaji wa shajara hii wasipotee.

Tunakaa duara. Wa kwanza anataja herufi. Anayefuata anaongeza ya pili, anayefuata ya tatu, hivyo hivyo. Kila anayeongeza lazima awe na neno kichwani. Lakini ole wake atakayelimaliza neno. Huyo anapewa herufi moja ya jina la mnyama: kwanza P, kisha U, na kadhalika. Ukitimiza P-U-N-D-A umekuwa punda. Unatoka, na kazi yako ni kubeba trei ya vinywaji mpaka mwisho.

Ukihisi aliye kabla yako hana neno, amebuni tu, unamwambia: "Lete neno." Akilitaja na likapatikana kwenye kamusi, unakula herufi wewe. Lisipopatikana, anakula yeye.

Kamusi ni ya Bibi. Bibi alikuwa mpiga chapa ofisini kwa miaka thelathini na mmoja, na siku ya kustaafu wenzake walipewa saa za ukutani, yeye akapewa kamusi. Gamba lake sasa limeshikwa na plasta ya hospitali, mchango wa Dada. Sheria ya nyumba ni moja na haijawahi kuvunjwa: neno lisilomo humu halimo duniani. Miaka miwili iliyopita Mama alikosa haki ya kuchagua rangi ya mapazia kwa sababu ya neno "kompyuta". Kamusi ya Bibi ni ya zamani, haijawahi kusikia habari hizo. Mama alilalamika kwamba benki imejaa vitu hivyo. Mwamuzi akamjibu kwamba huenda benki vimo, kwenye lugha havimo. Tangu siku hiyo tunaishi na mapazia ya zambarau.

Mwamuzi ni Mjomba, kaka yake Mama. Kazi yake ni kusoma prufu, yaani kusaka makosa ya chapa, kiwandani kwa mchapaji. Hawezi kupita makaburini bila kusahihisha. Hachezi, anashika kamusi tu, na uamuzi wake haukatiwi rufaa.

Jumamosi tutamuaga Dada, na Punda itaamua chumba. Wachezaji: Bibi, Profesa, mimi, Mama, na Dada mwenyewe kwa heshima tu. Mama hatoki salama. Anacheza huku anaongea, na anayeongea hujikuta amemaliza neno. Adui ni Profesa. Na Bibi, ingawa sijui mwanamke wa miaka sabini na minne anataka meza ya nini.

Jambo moja la kukumbuka kuhusu Bibi: hajawahi kumwambia mtu "Lete neno". Kamwe. Anasema kumtilia mtu shaka mbele ya watu ni kumvua nguo.

Jumanne, 10 Juni

Uvumbuzi mkubwa.

Jioni tulicheza Punda ndogo ya kuamua nani aoshe sufuria. Nilikaa sakafuni, macho yangu yakiwa sawa na magoti ya Bibi. Nikaona vidole vyake. Vinapiga chapa! Kila akiwaza neno, vidole vinacheza juu ya goti kana kwamba taipureta iko pale. Kimoja, kimoja, bila kelele. Miaka thelathini na mmoja ya ofisini imeingia kwenye mifupa.

Maana yake, anayejua herufi ipi hupigwa na kidole kipi anaweza kusoma mawazo ya Bibi kama gazeti.

Niliosha sufuria mimi. Nilikuwa natazama magoti, nikamaliza neno "sahani". Profesa akasema kitaalamu hilo linaitwa kujipalia makaa. Nikamshukuru.

Jumatano, 11 Juni

Nimemwomba Bibi anifundishe kupiga chapa. Uso ulimng'aa nikaona haya kidogo. Haya yenyewe ilipita.

Taipureta ilikuwa juu ya kabati ndani ya shuka. Bibi ameifuta, amenikalisha, amenipiga mgongo ninyooke. Kasema nisitazame vitufe, vidole vina macho yake. Kasema bosi wake mmoja alipenda kusimama nyuma yake na kuchungulia barua za watu, na yeye akajifunza kupiga kitu kingine kabisa mpaka bosi aondoke. Nilitikisa kichwa kwa adabu. Sikusikiliza sana, nilikuwa nakariri.

Tatizo dogo. Kidole cha shahada cha kushoto kina herufi sita. Cha kulia nacho kina sita. Vingine ni nafuu. Nitakuwa nakisia kidogo. Daktari naye hukisia.

Bibi aliniambia, "Mke mwenza, una vidole vizuri, vinahitaji mahali pa kukaa tu." Kisha akautazama ubao wa pasi muda mrefu. Labda alikuwa na nguo ya kunyoosha.

Alhamisi, 12 Juni

Vidole vinanitosha kwa Bibi. Kwa Profesa havitoshi. Profesa hana vidole vya kusomeka, ana mdomo.

Lakini ana ugonjwa. Herufi G ikitajwa, hawezi kujizuia, lazima aongeze H. Anayapenda maneno ya GH kama watoto wanavyopenda kibiriti. Ghadhabu, gharika, ghasia, ghiliba, anayataja huku amefumba macho. Mtu akimwambia "Lete neno", analileta pamoja na asili yake, historia yake na ndugu zake.

Nikawaza. Neno lisilomo kwenye kamusi halimo duniani. Na maneno yote ya GH yanakaa kwenye kurasa mbili tu zinazotazamana.

Saa nne asubuhi. Mama kaenda kumpima mteja, Bibi kaenda na Dada kununua begi, Profesa yuko maktaba akiwachosha watu wengine. Nilichukua unga kijiko kimoja, maji kidogo, nikakoroga mpaka ukawa gundi. Nikapaka pembezoni kwa brashi ya rangi ya shule. Nikafunga, nikaikalia kamusi nusu saa huku nikisoma somo la uraia.

Matokeo ni safi. Kurasa mbili zimekuwa moja. Unatoka kwenye "gesi" unaingia kwenye "giza", na mtu hawezi kujua. Isipokuwa namba za kurasa zinaruka, lakini nani duniani husoma namba za kurasa?

Dhamiri ilinisumbua kidogo wakati wa chakula cha mchana. Nikaijibu kwamba sikuharibu kitu, nimekifunga tu. Milango yote ya dunia hufungwa na mwenye nyumba hasemi kitu. Ikanyamaza.

Ijumaa, 13 Juni

Siku ya majaribio. Punda ndogo tena, ya sufuria. Bibi akataja S. Nikatazama goti. Kidole cha pete cha kushoto, kidogo cha kushoto, shahada ya kulia, kidogo cha kushoto, cha kati cha kulia mara mbili. Nikasoma moyoni: samaki. Mchezo ulipoisha nikamuuliza Bibi, kama mtoto mwenye hamu ya elimu tu, alikuwa anaelekea wapi. Akasema samaki.

Nilienda chooni kufurahi.

Mama kauliza nani amegusa unga. Profesa akasema kitaalamu unga hushuka wenyewe kwenye kopo kutokana na mtikisiko. Mara ya kwanza maishani maneno yake yamenifaa.

Nimeona pia msafara wa sisimizi ukutani. Umetoka dirishani, umepita juu ya picha ya babu, umeelekea rafu ya vitabu. Sisimizi nao wameanza kupenda kusoma. Bibi alikuwa amesimama pale na kitambaa cha vumbi, anawatazama. Akasema sisimizi hawana kazi ya bure, wakiandamana ujue kuna karamu. Nikamwambia kweli, kesho tuna karamu. Akasema, "Ndiyo, mke mwenza. Kesho tuna karamu."

Jioni Dada aliniita chumbani kwake. Begi limeshajaa. Akanipa ufunguo wa droo, akaniambia nimtunzie mpaka kesho, na kama chumba kitakuwa changu nisimrudishie tena. Akasema anaomba kiwe changu, maana amechoka kusoma insha zangu zinazoteremka. Nimeufunga ufunguo kwenye leso. Nimekaa kwenye kiti cha meza dakika tano. Ukikaa pale unaona barabara nzima, na muuza magazeti wa chini anaonekana mdogo kama alama ya mkato. Nikajiambia hapa nitaandika vitu. Sijui vitu gani. Lakini havitateremka.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika haya jioni, kwenye ubao wa pasi. Msomaji mwerevu ameshaelewa.

Acha nisimulie kwa utaratibu.

Wageni walikula, wakamsifu Dada, wakaondoka. Tukabaki sisi wa nyumbani. Cherehani ikasogezwa. Mjomba akakaa kwenye kiti chake, miwani puani, kamusi magotini. Kabla ya kuanza alisahihisha maandishi yaliyokuwa juu ya keki. Duara lilikaa hivi: Bibi, kisha Profesa, kisha mimi, kisha Mama, kisha Dada.

Mama alikuwa punda ndani ya robo saa. Alikuwa anasimulia habari za mteja aliyetaka gauni la kumpunguza kiuno bila kitambaa kupungua, akamaliza maneno matano katikati ya hadithi. Akachukua trei kwa furaha, kwa sababu mwenye trei anaruhusiwa kusema chochote. Dada akafuata. Nadhani alifanya makusudi, alitaka kuwa karibu na Mama.

Tukabaki watatu. Mimi nina P-U-N. Bibi P-U-N. Profesa P-U-N-D, na bado anatabasamu.

Zamu ya Bibi kuanzisha. Akanitazama, akasema, "G."

Moyo wangu ulisimama kama lifti yetu. Bahati ya namna gani hii? Profesa akafumba macho. Akasema, taratibu kama mtu anayeonja mchuzi, "H."

Nikasema, "Lete neno."

Profesa akafumbua jicho moja. Akanihurumia. Akasema, "Ghadhabu. Hasira kali. Limetoka Kiarabu, na ndugu zake ni..." Mjomba akamwambia ndugu wasubiri nje, yeye kwanza analitafuta neno lenyewe. Akapekua. Akarudi nyuma. Akapekua tena.

"Halimo," akasema Mjomba.

Profesa akasema haiwezekani, tafuta vizuri, Mjomba. Mjomba akasoma kwa sauti: hapa "gesi", hapa "giza". Kati ya gesi na giza hakuna kitu. Mimi nilikuwa natazama dari. Dari yetu ina ufa mzuri sana.

Profesa alisimama. Akasema neno hilo amelitumia kwenye insha na akapewa alama ishirini kati ya ishirini. Mjomba akamwambia amrudishie mwalimu alama zake. Profesa akasema huu ni wizi, na kwamba sasa hivi yeye mwenyewe ana ghadhabu.

Mama akampa trei. "Huna, mwanangu," akasema. "Haimo. Mimi sikuwa na kompyuta, na wewe huna ghadhabu. Kuna mtu anataka soda?"

Sijawahi kumwona Mama na raha kama ile tangu mapazia.

Nikiri jambo. Profesa aligawa vinywaji vyote. Hakusema "kitaalamu" hata mara moja. Niliona vibaya. Nikajiambia nikipata chumba nitamwazima dirisha siku za Jumapili.

Tukabaki wawili, Bibi na mimi. Raundi mbili. Bibi akapata D. Mimi nikapata D. Sote P-U-N-D. Herufi moja, na mmoja wetu ana chumba. Leso yenye ufunguo ilikuwa mkononi mwangu, imelowa jasho.

Zamu ya Bibi kuanzisha. Akasema, "G."

Tena!

Nikatazama goti. Vidole vikacheza. Shahada ya kushoto. Shahada ya kulia ikivutwa ndani. Pete ya kulia. Nikasoma: G, H, O. Bibi anaelekea ghorofa, ameshasahau yaliyompata Profesa.

Ningeweza kusema O, kama mtoto wa kawaida, nikaelekea kwenye gogo au goti au popote. Nilifikiri. Lakini nilifikiri zaidi ya inavyotakiwa. Nikisema H, nikajiambia, Bibi ataongeza O, kwa maana vidole vyake vimeshasema. Hapo nitamwambia alete neno. Ataleta ghorofa. Haimo. Chumba changu. Hatari ni moja tu: aniambie mimi nilete neno, naye Bibi hajawahi kumwambia mtu hivyo tangu dunia ianze.

Nikasema, "H."

Bibi akaweka vidole vyake vyote kumi juu ya magoti, vikatulia. Akanitazama kwa upole kabisa.

"Mke mwenza," akasema. "Lete neno."

Dada aliacha kutafuna. Mama akauliza kama amesikia sawasawa. Bibi akasema amesikia.

Nilitafuta neno la GH ambalo halianzi na GH. Nawaambia wasomaji wa baadaye: halipo. Mwishowe nikasema, kwa sauti ya mtu aliye chini ya kisima, "Ghorofa."

Mjomba akapekua. Nikaomba gundi iachie. Unga wa Mama ni wa daraja la kwanza, hauachii.

"Gesi," akasoma Mjomba. "Giza. Halimo."

Profesa, kutoka mlangoni na trei yake, akauliza kwa hiyo sisi tunakaa wapi. Mama akasema hewani. Dada akasema ndiyo maana kodi inapanda.

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Nilikuwa na sentensi mdomoni: Mjomba, labda kurasa zimeshikana. Sentensi fupi, ukweli mtupu, kama alivyoagiza Mwalimu. Lakini ghorofa ikifufuka, ghadhabu nayo inafufuka, na Profesa anarudi mchezoni. Kisha mtu mmoja, na huyo angekuwa Profesa, atauliza nimejuaje kwamba zimeshikana.

Mjomba akaniuliza kama nina la kusema. Nikasema naomba trei.

Jumapili, 15 Juni

Dada ameondoka saa mbili. Tulimsindikiza wote mpaka kituoni. Nilimrudishia ufunguo, akaukunja tena kwenye kiganja changu, akasema bado hajaambiwa nani atakaa wapi. Mama alilia kwa utaratibu uleule wa wiki iliyopita.

Tuliporudi Bibi akatangaza. Yeye ni mshindi, chumba ni chake. Lakini hajalala peke yake tangu babu afariki, kwa hiyo atahamia na mimi. Na chumba chetu cha zamani apewe Profesa, maana jana alidhulumiwa neno.

Nirudie, ili iingie. Profesa ana chumba. Peke yake. Kimya. Mlango unafungwa. Mimi nina mashine ya kusaga, palepale kwenye sikio la kushoto.

Profesa alishukuru kwa hotuba.

Mchana, Mama alipokuwa kwenye cherehani, Bibi aliniita jikoni. Birika lilikuwa linachemka. Kamusi ilikuwa mezani, imefunguliwa kwenye "gesi". Hakuuliza kitu. Alisema tu kwamba mvuke hufungua kila bahasha, ila uende polepole, na kwamba ofisini walifungua nyingi. Akanipa kisu cha siagi.

Ilichukua saa nzima. Kurasa ziliachana zikiwa na mawimbi kidogo na sisimizi wanne, marehemu. Ghorofa ilikuwepo, mahali pake, haina habari. Juu yake kidogo kulikuwa na "ghiliba". Nilisoma maana yake. Bibi akasema nisome kwa sauti, nikasoma kwa sauti.

Kisha akasema. Kwamba aliwaona sisimizi Ijumaa, akawafuata, wakamfikisha. Kwamba jana alitupa ndoano ya G mara mbili, ya kwanza aone kama ni mimi, ya pili kwa sababu ilikuwa mimi. Kwamba vidole vilisema samaki siku ya Ijumaa kwa kuwa alishaniona natazama magoti, akataka niviamini. Nikakumbuka habari ya bosi aliyechungulia barua. Niliambiwa kabisa. Nilikuwa nakariri.

Nikamuuliza, kama ni hivyo, kwa nini alikuwa anacheza, meza anaitakia nini.

Akafuta kisu.

Akasema hakuwa anaitaka. Yeye ana kitanda, kinamtosha. Alicheza ili wabaki wawili, yeye na mimi, halafu amalize neno makusudi. Alishapanga tangu Jumatano, aliponiona napiga chapa mgongo umenyooka. Alitaka kushindwa na mimi mbele ya watu, chumba kiwe changu kwa haki, Profesa asiwe na la kusema. "Nilishachagua na neno lenyewe," akasema. "Mpaka sisimizi waliponipitisha njia nyingine."

Nililia kidogo kwenye mvuke, ambako haionekani. Bibi akanipangusa kwa kona ya kanga akasema nisimchapie machozi kwenye kamusi, karatasi imeshateseka.

Mjomba alipita jioni kuazima mwavuli. Akaifungua kamusi bila sababu, akaona ghorofa, akaifunga. Nikamuuliza kwa sauti ndogo kama jana hakuona namba za kurasa zimeruka. Akasema aliona. Akasema namba za kurasa ni kazi ya idara nyingine.

Jumatatu, 16 Juni

Usiku wa kwanza kwenye chumba kipya. Bibi amechukua upande wa dirisha. Juu ya meza imekaa taipureta, nzito kama jeneza la mtoto wa tembo. Bibi amesema kuanzia saa kumi jioni ataishusha na meza itakuwa yangu, kila siku, mpaka mtihani. Leo nimeandikia hapo kwa mara ya kwanza. Tazama mistari. Imenyooka.

Nimekaa na kutafakari, kama Mwalimu alivyotufundisha: kosa lilikuwa wapi, na nimejifunza nini?

Nimepitia kila hatua. Vidole: wazo zuri, ila vinasema uongo, kwa hiyo kuanzia sasa nitavisoma kinyume. Kurasa: wazo zuri sana, lilifanya kazi mara mbili. Bibi mwenyewe amekiri kwamba chumba kilikuwa changu tayari mpaka sisimizi walipotokea. Sisimizi walitokea kwa sababu gani? Kwa sababu ya unga.

Kosa lilikuwa unga.

Jumamosi ijayo kuna Punda ya kuamua nani alale upande wa dirisha. Asubuhi nimenunua gundi ya dukani, chupa ndogo. Imo ndani ya droo, na ufunguo ninao mimi. Nimeweka tone moja ukutani, kwenye njia ya sisimizi, nikakaa kutwa nzima kuwaangalia. Wamefika, wameinusa, wamezunguka pembeni na kuendelea na safari, kama watu wenye adabu zao.